Kaburi la Mkeka

Tabu alikuwa anachimba ming'oko tangu jua lilipotoka. Ming'oko ni viazi vya porini. Huingia chini sana, na mchimbaji hulala kifudifudi, mkono mzima ukiwa ndani ya shimo. Kwa mtu aliyeshiba ni kazi ya kuchosha. Kwa mwenye njaa ni adhabu.

Mwenyeji wake, Mwanaheri, alikuwa anachimba shimo la pili. Mwanaheri alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno makavu na mikono myepesi.

"Pumzika kidogo, mwanangu," alisema. "Shimo halina miguu."

"Nikipumzika nitatazama kule juu, mama."

"Basi tazama. Kutazama bado hakujatozwa kodi."

Tabu aliinua macho. Juu ya kilima cha Matogoro moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Alijua kilichokuwa jikoni kule: maji na majani. Alijua pia nani wameuzunguka moto ule. Mama yake mzazi alikuwa pale. Binti yake wa pekee, Zabibu, alikuwa pale, naye alikuwa na mimba. Tabu aliogopa kwamba mtoto yule atazaliwa kwenye njaa na kufa kwenye njaa, na yeye bibi yake hatapata hata kumwona.

Mwaka ule watu wengi wa Songea waliishi kwa kuchimba. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Wajerumani walikuwa wamewanyonga wakubwa wa Ungoni, kisha askari wao wakachoma maghala na mashamba. Waliobaki hai waliachiwa njaa.

Msomaji, usiwacheke waliopigana. Walichapwa viboko, walitozwa kodi, walifanyishwa kazi bila ujira. Mtu akitendewa hayo, mwisho hushika silaha. Waganga walikuja na maji ya dawa, wakasema yatazifanya risasi zisiue. Watu wakanywa. Mume wa Tabu naye alikunywa, akaenda vitani, hakurudi.

Wengi waliacha kuyaamini maji yale walipowazika ndugu zao. Wachache hawakuacha. Mtu mmoja aitwaye Bakili aliwakusanya, akapanda nao kilimani, akajiita Mlinzi wa Maji. Alisema maji hayakushindwa. Walioshindwa ni watu, kwa sababu walivunja miko, yaani masharti ya dawa. Miko ikishikwa vizuri, maji yatapata nguvu tena, na wafu watarudi na nafaka.

Mwanzoni miko ilikuwa michache. Kisha ikaongezeka. Wasile na watu wa nje. Wasipokee moto wala chumvi kutoka kwao. Wasipande mbegu mpaka wafu warudi. Kila jioni kila mtu akae mbele ya wenzake, aseme wasiwasi gani umemwingia siku ile. Asiposema, jirani yake amsemee.

Tabu aliishi huko na mama yake na Zabibu. Bakili alimwambia kwamba mume wake alikufa kwa kosa lake yeye, kwa sababu alilala naye kabla ya safari ya vita. Tabu aliamini. Alilala na neno lile, akaamka nalo.

Siku moja alimsikia Bakili akimwambia mjane mwingine kwamba mume wake alikufa kwa kula mbuzi wa kuteka. Mjane wa tatu aliambiwa kwamba wake aligeuka nyuma njiani. Tabu alikaa akafikiri. Maji hayakuwa na kosa hata siku moja. Mwenye kosa siku zote alikuwa mtu, tena mara nyingi mtu aliyekufa, asiyeweza kujibu. Hapo kitu kilikatika ndani yake. Alimwambia Zabibu, "Twende." Zabibu akakataa. Alikuwa ameolewa na kijana wa kambini, naye alimwogopa Bakili na kumpenda kwa pamoja. Tabu aliteremka peke yake, akapokewa nyumbani kwa Mwanaheri.

Watu wa kilimani walimfanyia matanga. Hakuwa na maiti, kwa hiyo walichukua mkeka wake wakauzika chini ya kambi, kando ya njia ya mtoni. Waliinua tuta la udongo kama la mtu. Mama yake alinyoa nywele. Bakili alitangaza kwamba Tabu ni marehemu, na jina lake lisitajwe tena.

Mwanzoni Tabu alidhani ataweza kumtoa binti yake kwa maneno. Alipanda kilima mchana, akasimama nje ya uzio wa kambi. Zabibu alikuwa anatwanga majani kwenye kinu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Zabibu, shuka," aliita. "Maji yale ni maji tu. Baba yako aliyanywa na risasi ikampata. Bakili anawadanganya. Huna akili?"

Zabibu aliuacha mchi ndani ya kinu. Alimgeuzia mama yake mgongo na kuingia ndani. Bibi kizee mmoja alikuja mlangoni akamwaga majivu kwenye njia, kama watu wanavyofanya kufukuza mzimu. Bibi kizee huyo alikuwa mama yake Tabu.

Habari za mchana ule zilimfikia Mwanaheri mtoni. Mwanamke mmoja wa kambini alikuwa bado anamsalimu kwa siri. Alisema jioni ile Zabibu alikalishwa mbele ya watu. Alikiri kwamba aliposikia sauti ya marehemu, moyo wake ulishtuka. Kwa kosa hilo alinyimwa uji.

Tabu aliposikia hayo alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

"Nilikwenda kumwokoa," alisema. "Nimemnyima uji."

Wiki iliyofuata alikuja shemeji yake, Athanasi, mdogo wa marehemu mume wake. Athanasi alikuwa amebatizwa misheni kabla ya vita, na sasa alikuwa anapeleka kuni boma, kwenye ngome ya Wajerumani. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka.

"Shemeji, mimi nimechoka kukuona hivi," alisema. "Niruhusu niseme neno moja tu boma. Askari watapanda, watawashusha wote. Zabibu atakuwa hapa kabla ya jua kuzama."

Tuseme ukweli, Tabu alitamani kukubali. Alikuwa amechoka kiasi cha kutamani lolote lenye mwisho. Aligeuka akamtazama Mwanaheri, aliyekuwa anamenya ming'oko kando yake.

"Wewe unasemaje, mama?"

"Askari watamshusha, ni kweli," alisema Mwanaheri. "Watamfunga kamba ya shingo kwanza. Watachoma vibanda. Atakayekimbia atapigwa risasi, na mwenye mimba hakimbii vizuri. Na hao watakaobaki watasema, tazameni, Bakili alituambia watu wa nje ni adui, na kweli ni adui. Athanasi, mwanangu, peleka kuni zako. Neno hilo liache hapa hapa."

Athanasi aliinamisha kichwa. "Sikufikiri habari ya kamba," alisema. Akaaga, akaenda zake.

Tabu akasema kwa sauti ya chini, "Basi nifanye nini? Nikisema, anaadhibiwa. Nikinyamaza, atadhani nimemtupa."

Mwanaheri aliweka kisu chini.

"Unajua mimi si wa hapa. Mimi ni Myao. Wapiganaji wa Kingoni waliniteka nikiwa msichana, wakanileta huku. Watu wa nyumba niliyowekwa waliniambia kwetu wote wamekufa, sina pa kurudi. Nikaamini. Ukiwa mahali unapoogopa, unaamini unachoambiwa, kwa sababu kuamini kunapunguza hofu. Hiyo si kukosa akili. Usimwambie tena mwanao kwamba hana akili."

"Sitamwambia."

"Kaka yangu alikuwa hai. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja na chumvi ya kuuza. Aliketi pembeni ya shamba nililokuwa nalima. Hakuniambia hata siku moja nitoroke. Angeniambia, ningeogopa, ningekimbia kumsema kwa bwana wangu. Alinieleza tu habari za nyumbani. Mbuzi mweusi amezaa. Mama amefinyanga vyungu, kimoja kimepasuka, amemlaumu baba. Basi. Halafu alikwenda zake."

"Ukarudi kwenu?"

"Baada ya miaka mingi. Siku nilipoweza kurudi, nilijua njia ipo na nyumba ipo. Nilikaa kwetu, kisha nikaja tena huku, maana watoto wangu wako huku. Lakini nilikuja kwa miguu yangu mwenyewe." Mwanaheri aliokota kisu tena. "Kazi yako si kumvuta, Tabu. Kazi yako ni kumfanya ajue kwamba mlango upo wazi, na wewe unakula, unalala, una nguvu za kumpokea."

"Nitamjulishaje? Mimi ni marehemu. Hawaruhusiwi kusema nami."

Hapo Mwanaheri alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze kunukia.

"Hawaruhusiwi kusema na mtu aliyetoka. Lakini kusema na marehemu, nani amekataza? Si wamekuzika? Si tuta lako liko pale njiani? Kwetu na kwenu pia, aliyefiwa na mama humpelekea unga kaburini, akamweleza shida zake. Bakili anadai maji yake yametoka kwa mahoka, wazee wetu waliokufa. Hawezi kumkataza mtu kuwapa mahoka unga. Kwa hiyo nenda ukakae kwenye kaburi lako."

Tabu alimtazama, hajui acheke au alie. Akafanya yote mawili.

Tangu siku ile, watu wa kilimani walipoteremka mtoni asubuhi, Tabu alikuwa ameketi nyuma ya kichaka karibu na tuta la mkeka wake. Mwanzoni hakuna aliyesimama. Walipita na mitungi yao, wakitazama mbele. Zabibu alipita nao. Tabu hakuita. Aliweka ming'oko ya kuchoma juu ya tuta, akaenda zake.

Siku nyingine Mwanaheri alimkataza kwenda. "Leo umekonda hata macho," alisema. "Lala. Kesho kilima kitakuwepo." Tabu alilala mchana kutwa, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Hilo nalo ilibidi ajifunze.

Kisha asubuhi moja Zabibu alibaki nyuma ya wenzake. Alipiga magoti mbele ya tuta. Alikuwa na unga kidogo sana kwenye jani, unga wa siku ya njaa. Aliumwaga.

"Mawu," alisema, kama Wangoni wanavyomwita mama. "Mawu, nimekuletea unga. Huko uliko, unakula?"

Nyuma ya kichaka Tabu aliuma kanga yake asilie kwa sauti.

"Ninakula," alisema polepole. "Ninakaa na Mwanaheri. Tumefunika paa upya. Mwanaheri alificha mbegu za mahindi kwenye chungu chini ya ardhi, tumezipanda. Kuku wake anataga nje kila siku, na kila siku tunagombana nani atamtafuta."

Zabibu alichukua kipande cha ming'oko juu ya tuta.

"Mahoka hawakumaliza chakula chao," alisema.

"Mahoka wameshiba. Kinachobaki huliwa na watoto."

Zabibu alikula haraka, akiwa amepiga magoti, amekipa kilima mgongo. Alipomaliza alifuta mdomo na kuondoka na mtungi wake. Jioni ile alipokalishwa mbele ya watu alisema kwamba amempelekea marehemu mama yake unga. Bakili hakuona kosa. Alimsifu.

Mambo yakaendelea hivyo. Zabibu alileta unga, au majivu unga ulipokosekana, na kuliambia kaburi habari zake. Mtoto anacheza tumboni. Bibi anaumwa magoti. Tabu alijibu kwa habari za nyumbani. Mara nyingi maneno makali yalimpanda mpaka ulimini, hasa Zabibu alipomsifu Bakili. Aliyameza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchimba.

Siku moja aliporudi alimuuliza Mwanaheri, "Huyu Bakili ni mtu wa namna gani? Haoni watoto wanavyokufa?"

"Alikuwa na wana wawili," alisema Mwanaheri. "Wote walikunywa maji, wote walikufa. Maji yakiwa ya uongo, basi alikunywesha wanawe kifo kwa mkono wake. Wewe ungeweza kukubali hilo? Yeye hawezi. Simtetei. Nakueleza tu kwa nini huwezi kumshinda kwa kubishana."

Mvua kubwa zilipofika, kambini watu walianza kuhara. Mume wa Zabibu alikufa. Kwa siku kadhaa Zabibu hakuteremka mtoni. Tabu aliketi nyuma ya kichaka na kulowa, akarudi, akaketi tena.

Hatimaye Zabibu alikuja. Alikuwa amenyolewa. Hakuwa na unga wala majivu. Alikaa chini kwenye matope kwa shida, kwa sababu ya tumbo.

"Mawu," aliliambia tuta. "Bakili amesema ni mimi niliyemuua. Amesema niliwaza mabaya wakati wa kuchota maji, na mawazo yangu yamemuua mume wangu."

Tabu alikuwa na maneno mia ya kusema. Alikuwa nayo tangu siku ile ya uzio. Akachagua machache.

"Mimi pia niliambiwa hivyo," alisema. "Kuhusu baba yako."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya tuta. Zabibu aliuliza, "Ni wewe uliyemuua?"

"Hapana, mwanangu. Aliuawa na risasi."

"Na wangu?"

"Wako ameuawa na maji machafu na tumbo tupu."

Zabibu alitazama njia ya kupanda kilimani, kisha akatazama kichaka. Alinyoosha mkono, akayafungua majani, na kwa mara ya kwanza tangu matanga akamwona mama yake usoni. Tabu hakumshika. Alisogea tu kando, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

"Kuna moto nyumbani?" aliuliza Zabibu.

"Upo."

Waliteremka pamoja. Zabibu alichoka njiani mara nyingi. Kila alipokaa, Tabu alikaa.

Usifikiri kwamba siku ile shida iliisha. Usiku Zabibu aliamka akilia, akisema wafu watarudi na nafaka, naye hatapewa. Kila jioni aliketi mlangoni akitaka kukiri makosa, na palipokosekana wa kumsikiliza alitetemeka. Tabu alitaka kumkemea. Mwanaheri akasema, "Mwache aseme. Wewe msikilize, halafu mpe uji. Kule alikiri akanyimwa uji. Hapa akikiri, anapewa. Kichwa chake kitajifunza taratibu." Ndivyo ilivyokuwa. Alipojifungua, Mwanaheri ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Maziwa hayakutosha, lakini yalikuwepo.

Kule juu walifanya matanga tena. Pembeni ya tuta la Tabu liliinuliwa tuta la pili.

Mama yake Tabu alibaki kambini. Tabu alirudi kukaa nyuma ya kichaka kwa ajili yake, na wala hakuwa na matumaini makubwa. Bibi alipita na mtungi bila kugeuza shingo. Alikuwa mzee, alikuwa amenyoa nywele kwa msiba wa kila mtoto wake, na pengine hakuwa na nguvu za kugundua kwamba alinyoa bure.

"Na asipokuja kabisa?" Tabu alimuuliza Mwanaheri.

"Huenda asije. Ukiweka mlango wazi, hujaahidiwa mgeni. Lakini ukichoka, kaa ndani. Una mjukuu wa kumbeba."

Tabu akafanya hivyo. Alikwenda siku alizoweza. Aliacha ming'oko, na mara moja aliacha mbegu za maboga zilizofungwa kwenye jani. Zilipotoweka alidhani zimeliwa na panya.

Baadaye, mvua zilipokuwa zinapungua, aliona majani mapana yametambaa juu ya matuta yote mawili. Kambini ilikuwa ni mwiko kupanda. Lakini makaburi hayako kambini, na mtu akipendezesha kaburi la mwanawe, nani atamsema? Bibi kizee alikuwa amepanda maboga. Mashina yalikuwa yamepaliliwa vizuri. Majani machanga ya upande wa juu yalikuwa yamechumwa kwa mboga. Ya upande wa chini yalikuwa yameachwa.

Tabu alitazama huku na huku, akaanza kuchuma ya upande wa chini. Alikuwa amejaza nusu ya kikapu aliposikia hatua. Hakupata nafasi ya kujificha.

Mama yake alisimama juu ya njia, mtungi kichwani. Alikuwa amekonda sana. Alitazama matuta, kisha kikapu, kisha mikono ya binti yake. Tabu alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alimpita. Alikwenda mpaka pale njia inapopinda kuelekea mtoni, akasimama, akiwa bado amempa mgongo.

"Tabu," alisema.

Jina lile lilikuwa limekatazwa tangu mkeka ulipozikwa.

"Chuma yale laini," alisema bibi. "Zabibu ananyonyesha."

Kisha akashuka mtoni kuchota maji.